Transipoti ya CD: kabla hujatoa mamilioni, jua unanunua nini

Mwaka jana nilimwambia shemeji yangu nataka kununua transipoti, kama milioni tatu hivi, akafurahi kweli, akaniuliza nitampa dereva gani na hesabu ya siku itakuwa shilingi ngapi. Alidhani nanunua bodaboda. Nilipomweleza kwamba ni mashine ya kupigia CD, tena yenyewe peke yake haitoi sauti hata kidogo mpaka uiunganishe na mashine nyingine ndo usikie kitu, alinyamaza muda mrefu halafu akamwita dada yangu aje asikilize na yeye.

Simlaumu. Jina lenyewe linachanganya. Deki ya CD ya kawaida, hiyo tunayoijua wote, ndani yake kuna kazi mbili zimekaa kwenye sanduku moja. Ya kwanza ni kuizungusha CD na kuisoma kwa leza, na mwisho wa kazi hiyo unapata namba tupu, moja na sifuri, ndo wanaziita biti. Ya pili ni kuzigeuza hizo namba ziwe umeme unaopanda na kushuka kwa kufuata sauti, ambao amplifaya inaukuza na spika inausukuma. Hiyo kazi ya pili inafanywa na kitu kinaitwa DAC. Transipoti ni sanduku lenye kazi ya kwanza tu, inasoma, inazitoa namba kwa nyuma kupitia waya mmoja, basi imemaliza. DAC unanunua pembeni, au pengine iko tayari ndani ya amplifaya yako maana amplifaya nyingi za sa hivi zinakuja nayo.

Na kabla mtu hajauliza kwani Bongo hii nani bado anapiga CD, wapo, tena wengi kuliko unavyodhani, ila wamejifungia ndani na sabufa za majirani zinawafunika. Nina mzee wangu mmoja Ilala, jirani wa zamani, chini ya kitanda ana makasha mawili ya CD. Humo kuna Remmy Ongala zile zilizotolewa Uingereza na Real World, kuna taarabu za Unguja zilizochapwa Ulaya, halafu kuna rundo la CD za kuburni za Sikinde na Msondo ambazo kijana mmoja alimtolea kwenye kaseti miaka ya 2000 mwanzoni. Hizo za kuburni mtandaoni hamna, na chache zilizopo zimefinywa mpaka gitaa la solo linalia kama limefungiwa ndani ya ndoo. Huyo mzee ndo alianza kunisumbua: mwanangu, deki imegoma, nimeambiwa kuna mashine maalumu ya CD tu, nichukue ipi? Nikaanza kuchimba, na nikagundua watu wengi wanatoa hela nyingi kwa sababu isiyo sahihi.

Tuanze na CD yenyewe, maana usipoelewa inasomwaje utauziwa chochote. Ilitoka mwaka 1982, kazi ya Philips na Sony pamoja. Ni plastiki ya unene wa milimita 1.2, upana wa sentimita 12, na ndani yake kuna mstari mmoja tu unaozunguka kama chapati ya kusokota, unaanzia katikati kwenda nje, kinyume na santuri. Mstari na mstari vimepishana maikroni 1.6, yaani ukiunyoosha wote unapita kilomita 5, unatoka nao Posta unafika Magomeni. Kwenye huo mstari kuna vishimo, na leza ya rangi nyekundu ambayo karibu huioni kwa macho, ya nanomita 780, inapigwa kwa chini, inarudi, na mashine inasoma mahali mwanga unapobadilika. Kwa kila sekunde moja lazima zitoke sampuli 44,100 kwa kila upande wa stirio, kila moja ya biti 16, jumla biti 1,411,200. Kila sekunde. Na CD inazunguka kama mizunguko 500 kwa dakika ikiwa inasoma ndani, inapungua mpaka kama 200 ikifika nje, ili mstari upite mbele ya lenzi kwa mwendo uleule. Yote hiyo lenzi ikiwa inaelea hewani kwenye koili ndogo, inapanda na kushuka kufuata CD iliyopinda, haijagusa kitu. Binafsi nikiwaza kwamba hii kitu ilibuniwa kabla sijazaliwa naishiwa maneno.

Sasa CD ina mikwaruzo, ina vumbi, ina alama za vidole vya mtoto aliyetoka kula mihogo. Inakuwaje inaimba freshi? Waliobuni waliliwaza hilo. Unamjua yule mama ambaye hela haiweki sehemu moja, nyingine fundo la kanga, nyingine chini ya godoro, nyingine kwenye kopo la mchele, na kichwani anakumbuka jumla? Mwizi akipata fundo moja, mama anajua kilichoibiwa ni kiasi gani. CD inafanya hivyohivyo. Namba za kipande kimoja cha muziki hazikai pamoja, zinatawanywa sehemu mbalimbali za mstari na kuwekewa namba za ziada za kufanyia hesabu, njia inaitwa Reed-Solomon, na mkwaruzo unaofuta kama milimita 2 na nusu za mstari unaweza kurekebishwa wote, yaani kurudishwa namba zilezile kabisa, hata biti moja haikosekani. Mkwaruzo ukizidi hapo mashine inaanza kubuni, inaangalia namba ya kabla na ya baada na kuweka ya katikati. Ukizidi zaidi ndo inanyamaza au inaruka.

Ndo maana CD inafutwa kwa kutoka katikati kwenda nje moja kwa moja, usizungushe kitambaa. Ukikwaruza kwa kuzungusha, mkwaruzo unafuata mstari na unafuta namba nyingi zilizo jirani, ukikwaruza kwa kukatiza unagusa kidogokidogo kila mzunguko na hesabu inarekebisha. Na kingine ambacho watu hawajui, upande wa hatari zaidi ni wa juu wenye picha, maana namba zimekaa chini tu ya hiyo rangi, wakati huku chini kuna plastiki yote ya kuzikinga. Inyanyue CD uitazame kwenye taa, ukiona vitundu vya mwanga basi hapo hamna muziki tena.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya transipoti nzuri ni hiyo, kuisoma CD mbovu bila kufika kwenye kubuni. Na hapa kwetu kuna jambo linaloamua kabisa ununue ipi: CD za kuburni. CD iliyochapwa kiwandani inarudisha mwanga asilimia 70 hivi au zaidi, ya kuburni inarudisha pungufu kidogo na rangi yake inazidi kufifia na miaka, na zile za kufuta na kuandika upya zinarudisha asilimia 15 mpaka 25 tu. Mashine nyingi za kifahari za miaka ya 90 hizo za mwisho hazizitambui kabisa, na za kuburni zinazisoma kwa kununa. Ukiwa na makasha kama ya mzee wa Ilala halafu ukanunua transipoti ya zamani kwa sababu umesikia sifa zake, umejinunulia kabati. Na CD ya nyimbo mia na hamsini za MP3, ile ya safari ya basi, sahau, transipoti nyingi za maana haziisomi, zinataka CD ya muziki ya kawaida tu.

Haya, tuseme namba zimesomwa zote sawasawa. Hapo ndo ugomvi unapoanza. Kundi moja linasema biti ni biti, deki ya DVD ya elfu arobaini yenye tundu la koaksio nyuma, lile la waya wa dijitali, inatoa biti zilezile na mashine ya milioni mia, acheni kudanganyana. Kundi la pili linasema wamesikia kwa masikio yao, besi imekaza, sauti ya mwimbaji imesogea mbele, jukwaa limepanuka. Mi naona wote wanazunguka mahali palepale bila kupaona, kwa sababu kuna kitu cha pili kinachosafiri na namba, nacho ni muda.

Umeshaona watu wanamwaga zege la ghorofa kwa mikono. Vibarua wamejipanga kwenye ngazi, karai linapita mkono kwa mkono mpaka kwa fundi aliye juu. Zege linalofika ni lilelile, halijapungua. Ila kama chini wanaleta kwa kushtukia, mara makarai matatu kwa pamoja, mara kimya, na fundi wa juu anamwaga kila linapofika, sakafu itakuwa na mawimbi. Sasa fikiria fundi mwingine, mjanja, kaweka rundo pembeni yake, linalofika anaongezea kwenye rundo, yeye anachota kwa mwendo wake mwenyewe. Huyo hata vibarua wagombane chini hajali, mradi rundo halijaisha.

Hicho ndo wanachokiita jita, namba zinafika sahihi ila si kwa wakati sahihi, kwa tofauti ndogo mno, ukiigawa sekunde moja mara trilioni ndo unazihesabu kwa vipande hivyo. Waya wa dijitali wa kawaida, ule wa S/PDIF, unabeba namba na mapigo ya saa pamoja ndani ya mkondo mmoja, na DAC inalazimika kuyatoa humo mapigo ya saa. DAC nyingi za zamani, na hizi za kujiundia ambazo vijana wanazipenda zenye chipu za Philips za TDA1543 na pokezi la CS8412, ni yule fundi wa kwanza, zinamwaga kwa kadri karai linavyofika. Kwenye DAC kama hiyo transipoti inasikika kweli, hao wanaosema wamesikia si waongo. DAC za sa hivi, siyo zote ila nyingi za maana, ni yule fundi wa pili, zina bafa, yaani lile rundo la pembeni, na saa yao wenyewe, au zinaisafisha saa inayoingia mpaka jita inakuwa ndogo kiasi kwamba hata mita za maabara zinaitafuta kwa shida. Kwenye hizo, ukibadilisha transipoti na zote zinasoma sawasawa, unachokisikia ni hela uliyotoa.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani isiwe transipoti gani, iwe DAC yako ni fundi yupi. Nimeona mtu ametoa milioni nane kwenye transipoti na DAC yake ni ile ya ndani ya risiva ya sinema ya mwaka 2006. Angetoa milioni moja na nusu kwenye DAC mpya akabaki na deki yake ya zamani angesikia tofauti mara kumi, na hela nyingine angeezekea.

Ukitaka kujua kama transipoti inatoa namba bila kuzigusa kuna ujanja mmoja mtamu. Tafuta CD iliyorekodiwa kwa DTS, ule mfumo wa sauti ya kuzunguka wa sinema, unganisha na risiva ya sinema yenye kusoma DTS kwa waya wa dijitali. Namba zikipita kama zilivyo risiva inatambua na unasikia muziki umezunguka spika zote. Mashine ikiwa imezichezea hata kidogo, labda imepunguza sauti kwa ndani au imebadilisha zile sampuli 44,100 za sekunde kuwa 48,000 kama zinavyofanya baadhi ya deki za DVD, unasikia mchakacho tu kama mvua kwenye bati. Punguza sauti kabla hujajaribu, nakuonya mapema.

Kuhusu nyaya sitakaa sana. Optiko, ile yenye taa nyekundu, ilianzishwa na Toshiba mwaka 1983 na watu wanaidharau, lakini kwa nyumba zetu ambazo waya wa ethi umechimbiwa kwa kukisia au haupo kabisa, optiko haina umeme, kwa hiyo haileti ule mlio wa nzi kwenye spika. Koaksio ni nzuri ikiwa waya ni wa omu 75 wa kweli, na huo si lazima uwe ghali, waya mzuri wa video unatosha. AES/EBU yenye plagi ya pini tatu ni freshi kama pande zote mbili zinayo. Ile I2S inayotumia tundu la HDMI ndo inatamba sa hivi, inatenganisha saa na namba na kinadharia ni bora, ila kila kampuni inapanga pini zake, ukinunua mashine mbili za makampuni tofauti bila kuangalia mpangilio unaweza kukaa kimya na mashine zako mbili nzuri mnatazamana. Na kama una SACD, zile diski za sauti ya juu ambazo nyingi zina tabaka ya CD na tabaka yake nyingine, ujue transipoti ya kawaida itakusomea ile tabaka ya CD tu, muziki wa SACD wenyewe hauruhusiwi kupita kwenye koaksio.

Sasa tuje kwenye chuma, maana hapa ndo hela inapoenda kihalali. Unaponunua transipoti ya juu unanunua mota, reli, lenzi, na pawa saplai. CEC wa Japani wanazungusha CD kwa mkanda wa mpira kama santuri, na unaiwekea juu kizito cha kuituliza, ni raha kuitazama, ila mpira na joto la Dar hawapatani, weka hesabu ya mkanda wa akiba. Esoteric wana mfumo wao wa VRDS ambao unaibana CD yote kwenye sahani ya upana uleule isitikisike, imejengwa kama injini ya meli, na Grandioso yao kwa hela yake unapata kiwanja Kigamboni ukaweka na banda la uani. Pro-Ject RS2 T inafunguliwa kwa juu na inatumia mtambo ulioundwa Vienna na wahandisi waliotoka Philips, bei inapita euro elfu mbili. Jay's Audio wa China wanatumia leza za zamani za Philips CDM4, zile za mkono unaobembea, wapenzi wake wanaziapia. Chini yao kuna Audiolab 6000CDT, hii inameza CD kwa mdomo mwembamba na inasoma mbele kidogo na kuweka akiba kwenye bafa, na Cambridge Audio CXC ambayo ina trei ya kawaida na haijui kingine zaidi ya CD ya muziki.

Swali ninalouliza mimi kwa kila moja ya hizo ni moja tu: lenzi ikifa nani ananiuzia nyingine? Leza ni kama tairi, inaisha. Philips waliacha kutengeneza mitambo yao maarufu, CD-Pro2 imeshakufa, CDM4 zilizobaki ni za kutafutana, na feki zimejaa. Mashine ya milioni kumi isiyo na lenzi ni ubao wa kukatia vitunguu, mzito tu.

Hili limenikuta. Nilikuwa na deki ya zamani, ikaanza kuruka kuanzia wimbo wa tano. Nikaipeleka kwa fundi kibandani Kariakoo, nikamwambia fundi inaruka. "Leta tuone bosi." Akafungua kava, akapuliza lenzi kwa mdomo, mate na yote, nikajikaza. Akachukua bisibisi ndogo ile ya saa za mkono, akaigusa skrubu moja ndogo kama kichwa cha kiberiti ubavuni mwa lenzi, akazungusha robo. "Weka CD." Ikasoma, mpaka ile yenye mikwaruzo mibaya kabisa ikasoma. Elfu kumi na tano, nikaondoka naimba njia nzima. Miezi miwili baadaye leza ikafa moja kwa moja, haiwaki. Kumbe ile skrubu ni ya kuongeza umeme wa leza, fundi alimpa mzee aliyechoka dawa ya nguvu, akakimbia kidogo halafu akadondoka. Nikaagiza leza mpya, ya Sony aina ya KSS-213, ikafungwa, kimya. Siku tatu tunahangaika. Leza hizo huja na tone dogo la risasi ya kuchomelea lililounganisha njia mbili makusudi, ili umeme tuli wa mikono usiiue njiani, na ukishaifunga unatakiwa uliondoe. Hakuna aliyeliondoa. Fundi alipoligusa na pasi yake ya kuchomelea, sekunde mbili, CD ikaanza kuzunguka, akacheka yeye, nikacheka na mimi ila si sana.

Kwa hiyo ukichukua mashine ya mtumba, muulize muuzaji aina ya leza iliyomo, jina na namba kabisa, halafu uitafute kama inapatikana kabla hujalipa. Na muombe afunge skrubu za safari, mashine nyingi za zamani zina skrubu chini ya tumbo za kuishika reli ya lenzi isigongegonge ndani ya boksi. Zikifika huku nawe usisahau kuzifungua.

Mtumba wa Japani ni mtamu, bei nzuri, mashine zimetunzwa kama mayai. Shida ni umeme. Japani ni volti 100, sisi 230. Kuna jamaa aliichomeka moja kwa moja usiku wa kwanza, hakungoja hata kunywa maji, pakatoka moshi mmoja mwembamba wenye harufu ya plastiki na habari ikaishia hapo. Wenye akili wananunua transfoma ya kushusha, ila nayo ina mtego. Transfoma nyingi za madukani zinashusha mpaka 110, si 100. Na umeme wetu haukai 230, usiku watu wakilala unakuta 250. Piga hesabu, kwenye 250 ile transfoma ya 110 inatoa karibu 120, mashine ya 100 inapokea asilimia 20 zaidi kila usiku, inachemka taratibu mpaka siku yake. Tafuta iliyoandikwa 100 kabisa, ikibidi mpe fundi wa kusokota transfoma akutengenezee, wapo na hawana bei kubwa. Ishu ya hezi isikusumbue, Tokyo yenyewe ni 50 kama sisi.

Hata mashine ya 230 usiichomeke ukutani kavukavu. Umeme unapokatika siyo tatizo, tatizo ni unavyorudi. Mi natumia friji gadi, ndiyo, ile ya friji, inakata volti zikipanda sana au zikishuka na inasubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Wenye mashine za hatari wataniambia inachafua sauti. Labda. Ila mashine iliyoungua haina sauti ya kuchafuliwa.

Kingine cha Dar ni hewa. Ukikaa karibu na bahari, Msasani, Kigamboni, Kunduchi, chumvi inakula plagi mpaka zinakuwa kijani, zichomoe na kuzifuta mara moja moja. Vumbi nalo, hasa kama barabara ya mtaani haina lami. Mashine ya kufunguliwa juu inaacha lenzi wazi kila unapobadili CD, mi nampa hiyo mtu mwenye chumba kilichofungwa na mwenye nidhamu. Trei ni salama zaidi. Mdomo mwembamba uko katikati, ila CD yenye vumbi ikiingia inalisugua humohumo. Lenzi ikififia, pamba ya kijiti na spiriti ya asilimia 99, gusa kama unapaka wanja, usikandamize, ile lenzi imeshikwa na vinyuzi tu.

Hela sasa. Ukiagiza nje usihesabu bei ya mashine peke yake, kuna usafiri, kuna ushuru wa forodha, halafu VAT asilimia 18 juu ya yote hayo, unakuta mashine ya milioni moja na laki sita imefika ina mbili na kitu. Kama una DAC ya kisasa yenye kujitegemea kwa saa, kwa maoni yangu acha kupanda juu ya hizo Cambridge na Audiolab, huko juu unalipia chuma na raha ya kukishika, jambo ambalo si dhambi, ila jua ndo unachonunua. Kama una DAC ya zamani unayoipenda kama mke, hapo transipoti yenye saa nzuri na pawa saplai ya transfoma inaleta tofauti unayoisikia, na hela yako haijaenda bure.

Na ukienda kujaribu usiende na CD mpya. Beba mbovu zako tatu, moja ya mikwaruzo, moja ya kuburni ya zamani, na moja ndefu inayokaribia dakika 74, uipige wimbo wa mwisho kabisa, maana lenzi chovu na reli kavu huko pembezoni ndo zinapoumbuka. Sikiliza na mashine yenyewe kwa karibu sauti ikiwa chini, mota isivume, lenzi isitafune.

Mi nilichukua CXC, ndugu aliniletea kwenye begi la mkononi kutoka Uingereza, na mzee wa Ilala alipoisikia akasema atafutiwe hiyohiyo. Ilipofika nikaenda kumfungia. Shikamoo, marahaba, chai, halafu moja kwa moja akanipa CD moja ya kuburni imeandikwa kwa kalamu, wino umebaki nusu. "Wimbo wa tisa," akasema, "hapo katikati huwa unaruka, tangu enzi za deki ya kwanza." Tukaweka. Mashine ikatafutatafuta sekunde kadhaa, ikaonyesha idadi ya nyimbo, tukasogeza mpaka tisa. Gitaa likaingia, tarumbeta, ubeti wa kwanza, wa pili, tukafika pale alipozoea kuruka, wimbo ukapita. Mzee aliinua kidole nisiseme. Aliimba naye maneno yote mpaka pale, kisha akanyamaza, maana mistari miwili iliyofuata hakuwa anaijua.

"Rudisha," akasema.